Siku ishirini za nyumbani: kumuuguza mwenzio baada ya upasuaji wa kansa ya utumbo

Mzunguko mmoja wa kemo, yaani dawa za kuua kansa, ya oksaliplatini (ya dripu) na kapesitabini (ya vidonge) una siku 21. Siku ya kwanza mgonjwa yuko hospitalini, ametundikiwa dripu ya saa mbili, musawo (mhudumu wa afya) yuko karibu. Siku 20 zinazofuata yuko nyumbani, na anayemwona akiamka, akila, akienda chooni na akigeukageuka kitandani usiku ni mume wake au mke wake. Wanaouguza wenza wao hapa Uganda hupewa pole nyingi na sala nyingi, na zote tunazihitaji, lakini ni wachache wanaoambiwa kazi yenyewe ni ipi. Kazi yenyewe ni kutazama, kupima, kuandika, na kujua ni lini usingoje kupambazuke.

Nunua daftari moja gumu na kipimajoto kimoja kabla mgonjwa hajatoka wodini. Kila siku andika joto la asubuhi na jioni, idadi ya vidonge alivyomeza, amekwenda choo mara ngapi au, kwa aliyetolewa utumbo nje ya tumbo, mfuko wa kinyesi umemwagwa mara ngapi, na uzito mara moja kwa wiki kwenye mizani ileile. Daktari wa kliniki ana dakika chache na foleni ndefu. Ukimwambia "aliharisha kidogo" hana la kufanya. Ukimwambia "siku ya 10 hadi ya 13 alikwenda mara 6 kwa siku, na usiku mara 2" atajua dozi ipunguzwe kwa kiasi gani.

Makaratasi yashughulikiwe mapema, maana ndiyo hupotea kwanza. Mahali pengine kipande cha utumbo kilichokatwa hukabidhiwa familia wakipeleke wenyewe maabara. Kiwe ndani ya fomalini, na fomalini iwe nyingi, takriban mara 10 ya ukubwa wa nyama yenyewe. Kikiwekwa kwenye maji, au kikibanwa kwenye kikopo kidogo, kinaoza, na jibu litakaloandikwa halitamsaidia mtu. Majibu yakitoka, tafuta mambo matatu: kansa imeingia ndani ya ukuta wa utumbo kiasi gani, kingo za kipande ni safi, hazina kansa, au la, na tezi za limfu ngapi zimechunguzwa na ngapi zina kansa. Tezi zilizochunguzwa zinatakiwa kuwa 12 au zaidi. Zikiwa 4 tu na zote safi, usafi huo hauaminiki sana, na daktari aulizwe waziwazi. Tezi hata moja ikiwa na kansa, ugonjwa huhesabiwa hatua ya tatu, na hapo kemo baada ya upasuaji huwa ndiyo ushauri wa kawaida.

Kuna jambo ambalo familia nyingi huliharibu kwa nia njema kabisa: kumpeleka mgonjwa kijijini "apate nguvu kwanza". Kemo ya kinga, ile ya baada ya upasuaji ili kansa isirudi, inatakiwa ianze kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya upasuaji, kidonda kikishapona. Faida yake hupungua kadiri siku zinavyosogea, na baada ya wiki 12 huwa imepungua sana. Kwa hiyo mchango wa ukoo, barua ya rufaa na tarehe ya kumwona daktari wa kansa vianze kutafutwa wakati nyuzi bado ziko tumboni. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa 1967 kwenye kilima cha Mulago jijini Kampala, hupokea watu kutoka kila pembe ya nchi. Hospitali ya rufaa ya Mbarara nayo ina kliniki ya kansa, na kwa mtu wa magharibi hilo huokoa safari nyingi.

Wiki sita za kwanza baada ya upasuaji ni za kidonda na maungio ya ndani, pale utumbo ulipounganishwa. Mgonjwa asinyanyue kitu kizidicho kilo 4 au 5. Jerikeni la maji la lita 20 ni kilo 20, na hilo peke yake linatosha kuachanisha misuli ya tumbo na kuleta ngiri kwenye mshono au pembeni mwa stoma, yaani tundu la tumboni ambapo utumbo umetolewa nje. Mama aliyezoea kuteka maji, kumbeba mtoto mgongoni na kusonga posho (ugali) kwenye sufuria kubwa hataacha kwa kuambiwa "pumzika". Ataacha akiona kuna mtu mwingine aliyekwisha kuteka. Kama wewe ni mume wake, jerikeni ni lako, na sufuria pia. Bodaboda nayo ingoje, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji wa puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana: mitetemo na kukaa umepanua miguu huumiza kidonda cha chini.

Katika siku hizo kuna hali mbili zisizongoja miadi. Ya kwanza ni kuvuja kwa maungio ya utumbo, ambako mara nyingi hujitokeza siku chache tu baada ya upasuaji na huweza kutokea hata wiki ya pili, mgonjwa akiwa ameruhusiwa: homa, mapigo ya moyo ya kasi, tumbo kuuma zaidi badala ya kupungua, kutapika, kutopitisha hewa. Ya pili ni damu kuganda mguuni: mguu mmoja unavimba na kuuma, au ghafla kifua kinabana na pumzi inakuwa fupi. Kumtembeza mara kadhaa kwa siku, hata kuzunguka nyumba tu, hupunguza hatari hiyo.

Sasa stoma, maana hapa ndipo wenza hutengana kimyakimya au hukaribiana.

Kwanza jua ni ya aina gani. Kolostomi, utumbo mpana uliotolewa nje, mara nyingi huwa upande wa kushoto na hutoa kinyesi chenye umbo. Ileostomi, utumbo mwembamba uliotolewa nje, kwa kawaida huwa upande wa kulia na hutoa uji wenye vimeng'enya vya kuyeyusha chakula, ambavyo huyeyusha ngozi vilevile. Nyama ya stoma iliyo salama ni nyekundu au ya waridi yenye unyevu, kama upande wa ndani wa mdomo. Haina hisia ya maumivu, na tone la damu wakati wa kuifuta si kitu cha kuogopa. Ikigeuka zambarau iliyoiva au nyeusi, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mfuko umwagwe ukifika theluthi moja, usizidi nusu. Ukijaa, uzito wake unavuta gundi, kinyesi kinapenya chini yake, na mchezo umekwisha. Kubadilisha mfuko mzima hufanywa kila baada ya siku 3 au 4, asubuhi kabla ya chai, utumbo ukiwa bado umetulia. Weka kila kitu tayari kwanza: maji ya vuguvugu, vitambaa safi, mkasi, kipimio, mfuko mpya, na kaveera (mfuko wa plastiki) la kutia uchafu. Bandua mfuko wa zamani kuanzia juu kwenda chini, mkono mwingine ukiishikilia ngozi, usiuvute kama plasta. Osha kwa maji matupu, kwa sababu sabuni yenye mafuta au manukato huacha utelezi na gundi haitashika. Kausha kwa kugusagusa. Pima stoma, kisha kata tundu la mfuko liizidi kwa milimita 2 au 3. Tundu likiwa pana mno, ngozi iliyobaki wazi huungua. Likibana mno, hukata nyama. Bandika kuanzia chini, halafu weka kiganja juu yake dakika 2 hivi, kwa sababu joto la mkono ndilo linaloikamatisha gundi. Stoma husinyaa kwa wiki 6 hadi 8 za kwanza, kwa hiyo kipimo cha siku ya kutoka wodini hakifai tena mwezi unaofuata. Pima kila wiki.

Mifuko si rahisi kuipata nje ya miji mikubwa. Wengi huitafuta kwenye famasi za Wandegeya, pale karibu na Mulago. Tazama tarehe ya kuisha muda, na uulize ilihifadhiwa wapi: gundi iliyokaa chini ya bati la moto au ndani ya gari lililoegeshwa juani huyeyuka na kushika vibaya. Nyumbani iweke mahali penye kivuli. Mfuko unaofunguka chini unaweza kuusuuza kwa jagi la maji na kuendelea nao hadi siku ya kubadilisha.

Pesa zikikatika, watu hutumia kitambaa na kaveera. Kwa kolostomi yenye kinyesi kigumu inawezekana kuvumilia: paka ngozi mafuta ya mgando au krimu ya zinki, weka kitambaa cha pamba kilichokunjwa, funga kwa mkanda mpana wa nguo usiobana, na ubadilishe kila kinapochafuka. Kwa ileostomi haifai. Ngozi itaungua ndani ya siku moja au mbili, na ikishakuwa kidonda hata mfuko halisi hautashika. Kama mchango wa familia ni mdogo, mifuko ya ileostomi itangulie mbele ya mambo mengine mengi. Na kumbuka kuwa krimu na gundi havipatani: ukirudi kwenye mfuko, ngozi iwe safi na kavu kabisa.

Chooni, hasa choo cha shimo, mgonjwa mwenye mshono hawezi kuchuchumaa. Awe na ndoo yenye mfuniko na kigoda, amwagie humo, nawe ukamwage shimoni. Mfuko uliotumika ufungwe kwenye karatasi uende kwenye takataka za kuchomwa, si ndani ya choo cha kuvuta maji.

Mwenye ileostomi apimiwe anachotoa kwa jagi lenye alama, angalau mwezi wa kwanza. Mililita 500 hadi 800 kwa siku ni kawaida. Ikizidi 1,500, mwili unapoteza maji na chumvi kuliko unavyorudisha, na figo zinaweza kuharibika ndani ya siku chache. Dalili ni kinywa kukauka, mkojo mchache wa rangi ya chai, kizunguzungu akisimama, misuli kukaza. Hapa wengi humpa maji mengi matupu, na hali inazidi. Maji matupu huingia kwenye utumbo mfupi yakavuta chumvi ya mwili na kutoka nayo. Kinachofaa ni mchanganyiko huu: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya glukosi vilivyosawazishwa, kijiko kidogo 1 cha chumvi kilichosawazishwa, na nusu kijiko cha baikabonati ya sodiamu, ile ya kuokea. Si hamira wala magadi ya kupikia maharage. Anywe kidogokidogo mchana kutwa, na kisichonyweka siku hiyo kimwagwe. Chai, maji na juisi vyote pamoja visizidi lita 1 hadi hali itulie. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au shinikizo la damu amuulize daktari kwanza. Loperamidi, ikiwa ameandikiwa, humezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula.

Chakula hakina fumbo kubwa. Kwa wiki 6 hadi 8 za kwanza ape utumbo kazi nyepesi: matoke laini yaliyopondwa, wali, viazi bila maganda, samaki, mayai, supu, uji laini uliochujwa. Mahindi ya kuchoma, muwa, fenesi, karanga nzima, uyoga, nyuzi za chungwa na mbegu za mapera ndivyo vinavyoziba ileostomi. Ikizibwa, mfuko unakaa mtupu saa nyingi, tumbo linanyonga na kutapika kunaanza. Hiyo ni dharura, wala haitibiwi kwa dawa ya kuharisha. Wali, ndizi mbivu na karanga zilizosagwa laini huzidisha uzito wa kinyesi. Maharage na kabichi huleta gesi. Hayadhuru, yarudishwe taratibu kidogokidogo. Mgonjwa akipungua kilo 2 au 3 kati ya mizunguko, mwambie daktari, kwa sababu dozi hukokotolewa kwa urefu na uzito.

Na dozi hiyo ihakikishe mwenyewe, hesabu yake ni ya darasani. Mtu wa sentimita 165 na kilo 56 ana eneo la mwili la mita za mraba 1.6 hivi. Kapesitabini kwa kawaida ni miligramu 1,000 kwa kila mita ya mraba, asubuhi na jioni, kwa siku 14, kisha mapumziko ya siku 7. Huyo atapata takriban miligramu 1,500 kila mara, yaani vidonge 3 vya 500 asubuhi na 3 jioni, vidonge 84 kwa mzunguko. Dawa ikikosekana hospitalini mkaandikiwa mkanunue nje, hesabu 84 hapo kaunta, soma miligramu kwenye pakiti, kwa sababu kuna vidonge vya 150 vinavyofanana sana, na tazama tarehe. Vimezwe ndani ya dakika 30 baada ya chakula, kwa maji, saa 12 zikipita kati ya dozi na dozi. Dozi iliyosahauliwa isilipwe kwa kumeza maradufu. Akitapika baada ya kumeza, asirudie.

Kuna mtego mmoja wa kila siku. Mgonjwa wa utumbo mara nyingi ana upungufu wa damu, na kituo cha afya humpa vidonge vya madini ya chuma vilivyochanganywa na asidi ya foliki. Asidi hiyo huongeza makali ya kapesitabini: kuharisha na vidonda vya mdomo huzidi. Peleka kila dawa anayomeza, hata ya duka la jirani, umwonyeshe daktari. Warfarini ya kuzuia damu kuganda na fenitoini ya kifafa nazo hugongana na kapesitabini. Kama anatumia dawa za VVU zenye zidovudini, aseme, kwa sababu nayo hushusha damu.

Majani ya mstafeli yanauzwa sana kwa jina la dawa ya kansa. Mti huo una kemikali iitwayo anonasini, inayodhuru chembe za neva, na oksaliplatini tayari inaziumiza neva hizohizo. Simlaumu mama mkwe anayekuja na fungu la majani. Amekuja na alichonacho. Lakini anaweza kujibiwa kwa heshima: "Mama, tumepokea kwa mikono miwili, ila daktari amekataa kuchanganya hadi dawa ziishe." Kisha majani yasichemshwe.

Oksaliplatini ina tabia yake ya pekee: baridi. Kwa siku 3 hadi 5 baada ya dripu, kugusa chupa ya soda iliyotoka kwenye friji ni kama kushika miiba, na kumeza kitu baridi hukaza koo hata mgonjwa akadhani anakosa pumzi. Mpe kitu cha vuguvugu, mfunike, mtulize. Kwa kawaida hupita. Ikiambatana na upele, uvimbe wa uso au kukorota, hiyo ni aleji, mkimbize hospitali. Wageni wa Kampala hupenda kuja na juisi baridi, kwa hiyo waambieni mapema. Kule Kabale na Kapchorwa, maji ya alfajiri yapashwe moto hata ya kunawa uso. Ganzi inayoisha kabla ya mzunguko unaofuata ni ya kawaida. Ile inayobaki, mpaka hafungi vifungo vya shati wala hajui ameshika sarafu gani, lazima itajwe kliniki, dozi ipunguzwe au isimamishwe. Wagonjwa huficha hili wakiogopa kunyimwa dawa, kisha ganzi inabaki nao miaka.

Viganja na nyayo vikiwa vyekundu na kuwaka, ni kapesitabini. Mafuta mazito mara mbili kwa siku tangu siku ya kwanza, kabla ngozi haijapasuka: mafuta ya mgando yanatosha, na mafuta ya shea, yale Waacholi wanayoyaita moo yaa, ni mazuri sana. Krimu ya yurea ikipatikana ni bora zaidi. Viatu vilegee, kufua kwa mkono kuachwe. Ikifika hatua ya kushindwa kutembea au kushika kikombe bila maumivu, vidonge vinasimamishwa na daktari anapigiwa simu. Ni vivyo hivyo kuharisha kukizidi mara 4 juu ya kawaida yake, au kukimwamsha usiku: simamisha, piga simu. Siku chache za kukosa vidonge haziharibu tiba, lakini kuendelea navyo katika hali hiyo kumeua watu. Kifua kikibana baada ya kumeza, simamisha mara moja uende hospitali, kwa sababu dawa hii huweza kukaza mishipa ya moyo. Na ikiwa mzunguko wa kwanza kabisa unamwangusha vibaya, mdomo wote vidonda na kuhara kusikokatika, sema hivyo kwa sauti: baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha kuivunja dawa hii, na kwao dozi ya kawaida ni sumu.

Nimeacha homa mpaka hapa ili nikae nayo. Kwetu homa ina jina moja nyumbani, malaria, na tiba moja, Coartem na blanketi. Kwa mtu aliye kwenye kemo, desturi hiyo inaua. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu hushuka chini kabisa. Vijidudu vya kawaida, vya utumbo au vya pale sindano ya dripu ilipochomwa, huingia kwenye damu bila kukuta mlinzi. Mgonjwa anaweza kuonekana mchovu tu saa nne usiku na alfajiri akawa hamtambui mtu. Joto likifika 38, au akitetemeka kwa baridi, au akishuka chini ya 36 na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, usimpe panadoli kwanza wala usiseme tutaona kesho. Nenda hospitali inayoweza kupima damu kamili na kutoa antibayotiki ya mshipa usiku. Mlangoni usianze na historia ndefu. Sema: "Musawo, mgonjwa wangu yuko kwenye kemo, leo siku ya 9, joto 38.4." Antibayotiki inatakiwa iingie mshipani ndani ya saa 1. Malaria nayo ipimwe na itibiwe ikiwepo, lakini kupatikana kwa malaria hakuondoi ule uwezekano mwingine. Hospitali hiyo uijue kabla homa haijaja, uwe na namba ya mtu mwenye gari, na pesa ya safari ikae kwenye simu bila kuguswa. Mwenye mafua asalimie kutoka uani, hata akiwa ndugu wa karibu.

Kabla ya kila mzunguko, pima damu kamili karibu na nyumbani siku 1 au 2 kabla, kisha mpigie nesi wa kliniki umsomee majibu. Vituo vingi hutaka nyutrofili, zile chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, zifike 1.5 na chembe za kugandisha damu 75 au 100. Mtu wa Arua au Kasese akifika Kampala ndipo aambiwe damu haitoshi, amepoteza nauli ya watu wawili na nguvu za mgonjwa.

Kwa saa 48 baada ya dripu, na vilevile siku za kumeza vidonge, mkojo, matapishi na kinyesi vina mabaki ya dawa. Vaa glavu, au kaveera mkononi kama glavu hakuna, na ufue shuka zilizochafuka peke yake. Mjamzito asizishike.

Tendo la ndoa lisemwe, kwa sababu wodini halisemwi. Upasuaji wa puru huweza kugusa neva: mwanaume akakosa nguvu, mwanamke akakauka na kuumia. Mara nyingi hurudi taratibu kwa mwaka mmoja au miwili, na kuna dawa na vilainishi, daktari aulizwe bila aibu. Mfuko umwagwe kabla na ufunikwe kwa kitambaa cha kiunoni. Kondomu itumike wakati wa kemo, na mimba izuiwe baada ya dozi ya mwisho angalau miezi 9 mgonjwa akiwa mwanamke na 6 akiwa mwanaume, au zaidi daktari akisema. Kuhamia chumba kingine "ili apumzike" hufasiriwa na mgonjwa kuwa ananuka. Kama lazima uhame, mwambie sababu mwenyewe, usimwachie akisie.

Kwa Waislamu, mwenye mfuko huchukuliwa kama mwenye udhuru wa kudumu, anayetawadha kwa kila swala. Imamu wa msikiti wenu atawaelekeza. Funga ya Ramadhani kwa mwenye ileostomi au aliye kwenye kemo ni hatari ya wazi kwa figo, na ruhusa ya mgonjwa kula ipo.

Maumivu yasiyoshikwa na panadoli yana mofini ya maji, ambayo Hospice Africa Uganda ya Makindye, iliyoanza 1993, imeifanya ijulikane nchi nzima. Hutolewa kwa nguvu tofauti, kwa hiyo soma kibandiko kila chupa mpya, na uombe dawa ya kulainisha choo pamoja nayo. Kupewa mofini si kuambiwa mwisho umefika.

Ileostomi ya muda mara nyingi hufungwa baada ya miezi 2 au 3, au kemo ikiisha. Waliokatwa puru wajiandae: choo kitakuwa cha mara nyingi, cha haraka, kidogokidogo, pengine mwaka mzima na zaidi, kikipungua polepole. Krimu ya zinki, maji badala ya karatasi, na mazoezi ya kukaza misuli ya chini husaidia.

Kemo ikiisha, daftari halifungwi. Marudio mengi hutokea ndani ya miaka 3 ya kwanza, kwa hiyo kipimo cha damu cha CEA, cha kufuatilia kansa hii, hufanywa kila miezi 3 hadi 6, picha ya CT takriban kila mwaka, na kamera ya utumbo mwaka 1 baada ya upasuaji. Na kuna watu wengine wa kuandikwa humo: ndugu wa tumbo moja na watoto. Kwao kamera ya kwanza ni wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua ndugu yao, lile litakalotangulia. Mgonjwa akiwa alipatikana na miaka 46, shemeji zako waanze wakiwa na 36. Waite siku moja, uwasomee tarehe zao.